Kwa nini mashimo meusi yakizungukana huyumba kama pia

Julai 2025, kwenye mkutano wa wanafizikia mjini Glasgow, ilitolewa habari ya mashimo meusi mawili yaliyogongana na kuwa moja. Kubwa lilikuwa na uzito wa takriban jua 137, dogo takriban 103. Tukio hilo lilipewa jina GW231123 kwa kuwa lilinaswa tarehe 23 Novemba 2023, na ishara yake ilidumu karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, muda ambao hata kupepesa jicho hujamaliza.

Habari za aina hii zikifika kwenye makundi ya WhatsApp huja na picha ile ile: duara jeusi lenye moto pembeni, na neno "limemeza". Lililopotea safari hii ni jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo tamu zaidi. Mashimo yote mawili yalikuwa yanajizungusha kwa kasi inayokaribia ukomo wa maumbile, na hesabu mbalimbali zilizotumika kusoma ishara yao hazikutoa jibu moja. Basi mtu ana haki ya kuuliza: Einstein alikamilisha kanuni zake za uvutano mwaka 1915, kompyuta zipo, sasa wataalamu wanatofautiana juu ya nini?

Kwa sehemu kubwa, wanatofautiana juu ya kuyumba.

Tunyooshe maneno kwanza, maana neno "kuzunguka" tunalibebesha kazi nyingi. Dunia inajizungusha yenyewe kwa saa 24, na pia inalizunguka jua kwa mwaka. Hayo ni mambo mawili. Katika makala haya "kujizungusha" ni lile la kwanza, kitu kugeuka kwenye mhimili wake. "Kuzungukana" ni vitu viwili kufukuzana kwenye duara. "Kuyumba" ni la tatu na ndilo gumu: mhimili wenyewe kubadili mwelekeo, ukichora duara taratibu huku kitu kikiendelea kujizungusha.

Aliyewahi kurusha pia, kile kichezeo cha watoto kinachozungushwa kwa kamba, hahitaji maelezo marefu. Unaikaza kamba, unaitupa, inasimama kwenye msumari wake. Mwanzoni imenyooka kiasi kwamba unaweza kudhani imelala usingizi. Baadaye kidogo kichwa kinaanza kuchora duara angani, polepole, huku mwili ukizunguka mbio vilevile. Duara lile la kichwa ndilo kuyumba ninakokusema. Uzito unaivuta pia ianguke upande, na kwa kuwa inajizungusha, badala ya kuanguka inageuzia mvuto ule pembeni.

Pangaboi linalotikisika darini ni mfano ambao watu hupenda kuutoa, lakini si mfano wa jambo hili. Lile linatikisika kwa sababu bapa moja ni zito au limepinda. Fundi akilisawazisha, linatulia. Pia iliyochongwa kwa ustadi kabisa, isiyo na kasoro hata kidogo, itayumba tu ikiinama.

Hata Dunia inayumba. Jua na mwezi huivuta kwenye kiuno chake kilichotuna, na mhimili wake hukamilisha duara moja kwa takriban miaka 26,000. Ndiyo sababu nyota inayoonyesha kaskazini leo sio iliyoonyesha kaskazini enzi za mafarao.

Sasa shimo jeusi. Ni uzito mkubwa uliobanwa mahali padogo mno, kiasi kwamba kuna mpaka ambao ukiuvuka hata mwanga haurudi. Lisilojizungusha lina mpaka wa takriban kilomita 3 kutoka katikati kwa kila uzito wa jua moja. Lile kubwa la GW231123 basi halikuzidi kilomita 400 hivi kutoka kati hadi mpakani, kama mwendo wa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Na halivuti kila kitu kama watu wanavyodhani. Jua letu lingegeuka leo kuwa shimo jeusi lenye uzito ule ule, Dunia ingeendelea kulizunguka kwenye njia ile ile. Tungekufa kwa baridi, lakini tusingemezwa.

Hapa msomaji makini hukwama: kama shimo jeusi halina ardhi wala uso, ni kitu gani kinachojizungusha? Jibu lilipatikana kwenye hesabu mwaka 1963, pale Roy Kerr wa New Zealand alipotatua kanuni za Einstein kwa uzito unaojizungusha. Kinachojizungusha ni nafasi yenyewe inayolizunguka shimo. Nyota iliyokufa na kuporomoka ilikuwa inajizungusha, na mzunguko ule hauwezi kupotea hivi hivi. Unabaki kama mburuto wa kudumu kwenye nafasi. Tumbukiza mwiko kwenye sufuria ya uji mzito uuzungushe: uji ulio karibu na mwiko unafuata, ulio mbali unafuata kwa uvivu. Shimo jeusi linaburuta nafasi namna hiyo, na kiwango cha mzunguko wake hupimwa kwa namba kutoka 0 hadi 1, na 1 ndiyo ukomo. Kwenye GW231123 makadirio yalikuwa takriban 0.9 kwa kubwa na 0.8 kwa dogo.

Mburuto huu umepimwa hapa kwetu pia. Mwaka 2004 Marekani ilirusha chombo kiitwacho Gravity Probe B kikiwa na tufe nne zinazojizungusha, kila moja kubwa kama mpira wa tenisi ya meza, laini kuliko kioo chochote unachokijua. Matokeo yalitangazwa 2011. Mihimili ya tufe zile ilisogea kwa sababu mbili. Kupinda kwa nafasi kunakosababishwa na uzito wa Dunia kuliisogeza kwa kasi ambayo ingehitaji karibu miaka 200,000 kumaliza duara moja. Mburuto wa Dunia inayojizungusha ulikuwa mdogo zaidi: duara moja lingechukua kama miaka milioni 35. Shika namba hizo kichwani, tutazirudia.

Weka sasa mashimo meusi mawili yazungukane. Kuna mizunguko mitatu kwa wakati mmoja: shimo la kwanza linajizungusha, la pili linajizungusha, na yote mawili yanafukuzana. Kila mzunguko unaweza kuuchora kama mshale. Urefu wa mshale ni wingi wa mzunguko, na ncha inaelekea ulikoelekea mhimili. Ukiiunganisha mishale mitatu unapata mshale mmoja wa jumla, ambao nitauita akiba ya mzunguko. Kanuni ya maumbile ni kwamba akiba hii haiwezi kuumbwa wala kufutwa kiholela. Ni kama fedha za familia zilizogawanywa kwenye vibubu vitatu: zinaweza kuhama kutoka kibubu hiki kwenda kile, jumla ibaki pale pale, isipokuwa kile kinachotoka nje ya nyumba.

Mishale yote mitatu ikielekea upande mmoja, hakuna cha kuyumba. Jozi inazungukana kwenye bapa moja tulivu, kama sahani. Tatizo, au utamu, unaanza mshale mmoja ukiinama. Mburuto wa nafasi unausukuma mshale wa shimo moja pembeni. Kwa kuwa jumla haina ruhusa ya kugeuka, mishale mingine lazima ifidie. Matokeo yake mshale wa mashimo kujizungusha na mshale wa kuzungukana yote inaanza kuchora duara kuuzunguka ule wa jumla, na sahani yote ambayo mashimo yanafukuzana juu yake inayumba kama sahani iliyorushwa juu ya meza ikiwa karibu kutulia.

Kuna dhana kwamba kuyumba ndiko kunakoangusha mashimo haya, kama pia inavyoyumba ikikaribia kulala. Hapana. Pia inaangushwa na msuguano wa sakafu na hewa. Mashimo meusi hayana sakafu. Yanasogeleana kwa sababu yanatoa mawimbi ya uvutano, mitikisiko ya nafasi yenyewe inayosafiri kwa kasi ya mwanga na kuondoka na nishati pamoja na sehemu ya akiba ile ya mzunguko. Hicho ndicho kinachotoka nje ya nyumba. Kuyumba kungeweza kuendelea milele bila kumwangusha yeyote.

Mawimbi haya yalinaswa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015 na mitambo miwili ya LIGO, mmoja Hanford na mwingine Livingston, Marekani. Kila mtambo una mikono miwili ya kilomita 4. Wimbi likipita, mkono unarefuka na kufupika kwa kiasi kidogo kuliko sehemu moja ya elfu ya upana wa protoni, chembe iliyo ndani ya kiini cha atomu. Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne walipewa Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2017. Italia ina mtambo wa Virgo, na Japani ina KAGRA. Ule "mlio" unaochezwa kwenye video ni mtikisiko uliogeuzwa kuwa sauti ili tuusikie. Angani hakuna aliyeusikia.

Kuyumba kunaonekanaje ndani ya mtikisiko huo? Fikiria gari la matangazo linalopita mtaani na spika yake ya pembe. Likielekea kwako unasikia kila neno la mkutano wa hadhara. Likikata kona, sauti inafifia, ingawa mtangazaji hajapunguza kelele. Mashimo meusi yanayozungukana hupeleka mawimbi yenye nguvu zaidi juu na chini ya sahani yao, na dhaifu zaidi ubavuni. Sahani ikiyumba, sisi tunaonyeshwa uso, kisha ubavu, kisha uso. Ishara inapanda na kushuka. Kip Thorne na wenzake watatu walilieleza hili kwa kina mwaka 1994, miaka 21 kabla ya wimbi la kwanza kunaswa.

Kwa hiyo kazi ni kusoma kupanda na kushuka kule na kurudi nyuma: mishale ilikuwa imeinama kiasi gani? Hilo linahitaji modeli, yaani hesabu inayosema "mashimo ya uzito huu, yenye mishale hii, hutoa wimbi la umbo hili." Kompyuta hulinganisha wimbi lililonaswa na mamilioni ya maumbo yaliyokisiwa na kuona yapi yanafanana nalo.

Ungesema, si wafanye uigaji wa kompyuta, yaani kulicheza tukio zima ndani ya kompyuta, kwa kila hali, waweke majibu kabatini? Hata uigaji wa aina hiyo ulishindikana kwa miongo kadhaa. Programu zilikuwa zinakwama kabla mashimo hayajamaliza mzunguko mmoja. Frans Pretorius alifaulu mwaka 2005, na ndani ya miezi michache makundi mawili mengine yakafaulu kwa njia tofauti. Lakini uigaji mmoja wenye ubora wa kutosha unaweza kula wiki au miezi kwenye kompyuta kubwa. Na hali ziko ngapi? Uwiano wa uzito ni namba moja. Mshale wa kila shimo unahitaji namba tatu, kwa sababu una urefu na una pande za kuelekea. Jumla saba. Ukijaribu thamani kumi tu kwa kila namba, unahitaji uigaji milioni 10. Bila kuinama kwa mishale, namba zingekuwa tatu tu, na uigaji 1,000 ungetosha. Kuyumba ndiko kunakoikuza hesabu mara elfu kumi.

Suluhisho lililopatikana ni la kijanja, na kulieleza nitahitaji jahazi.

Umesimama ufukweni usiku. Jahazi linakuja kwenye mawimbi, na juu ya sitaha baharia anazungusha kandili mkononi, duara moja baada ya jingine, bila papara. Wewe unaona nini? Unaona nuru inayochora michoro ya ajabu, inayopanda, inayoshuka, inayopinda. Ukiambiwa uandike hesabu ya mchoro ule utachanganyikiwa. Lakini panda jahazini. Ukiwa sitahani unamwona baharia anafanya kitu kimoja chepesi: duara. Ugumu wote ulitoka kwenye jahazi.

Karibu mwaka 2011 watafiti waligundua kwamba ukilikalia jahazi, yaani ukiifuata sahani ya mashimo inavyoyumba na kuyatazama mawimbi ukiwa juu yake, yanafanana sana na mawimbi ya jozi isiyoyumba kabisa. Jozi zisizoyumba tayari zilikuwa na modeli nzuri. Basi tatizo likakatwa vipande viwili: andika wimbi rahisi la sitahani, andika mwendo wa jahazi peke yake, kisha uzungushe la kwanza kwa kutumia la pili. Modeli nyingi zinazotumiwa na LIGO na Virgo leo zimejengwa juu ya wazo hilo. Nyingine zinategemea uigaji moja kwa moja: mojawapo maarufu ilifundishwa kwa uigaji 1,528, na kompyuta hujaza mapengo yaliyobaki katikati. Ni sahihi sana, ila inafanya kazi ndani ya eneo ililofundishwa tu, na mawimbi yake ni mafupi.

Kinachosaidia ni kwamba mambo haya yana kasi tofauti. Kuzungukana ni kwa haraka, kuyumba ni polepole zaidi, na kusogeleana ni polepole kuliko yote. Unaweza kuhesabu moja huku mengine ukiyachukulia yametulia. Karibu na mgongano tofauti hizo zinayeyuka, kila kitu kinatokea kwa mara moja, na ndipo modeli zinapoanza kutofautiana.

Mfano wa jahazi nao unavuja hapo. Jozi isiyoyumba hupeleka mawimbi sawasawa juu na chini. Jozi inayoyumba haifanyi hivyo. Upande mmoja hupata zaidi. Modeli za awali zilikipuuza kitu hiki, na kwa matukio mengi haikuleta shida. Lakini tofauti hiyo ya juu na chini ina matokeo makubwa: shimo linalozaliwa hupigwa teke kuelekea upande wa pili, kama bunduki inavyorudi nyuma ikifyatua. Tukio la tarehe 29 Januari 2020, GW200129, lilikadiriwa kuzalisha teke la takriban kilomita 1,500 kwa sekunde. Hiyo ni Dar es Salaam hadi Nairobi na kurudi ndani ya sekunde moja, na masalio yanabaki. Kwa kasi hiyo shimo linaweza kuihama galaksi yake kabisa.

GW200129 ndilo tukio ambalo mwaka 2022 lilitajwa kuwa la kwanza kuonyesha kuyumba waziwazi: takriban mara tatu kwa sekunde. Rudi kwenye zile namba za Gravity Probe B uone umbali tuliosafiri. Kabla yake, kuyumba kwa kasi zaidi kulikopimwa kati ya nyota mfu zinazozungukana kulichukua kama miaka 75 kwa duara moja.

Lakini ubishi haukuchelewa. Wakati wimbi lile linapita, mtambo wa Livingston ulikuwa na kelele ya kimitambo kwenye data, ikabidi isafishwe. Watafiti wengine walionyesha kwamba ushahidi wa kuyumba unategemea sana ulivyoisafisha. Mimi binafsi naona pande zote zilifanya kazi ya haki. Kuyumba hakuachi alama nene. Ni kupanda na kushuka kidogo kwenye ishara ambayo yenyewe ni ndogo kuliko protoni, na kelele ikija mahali pabaya inaweza kuiga au kufuta.

Ukiyaweka hayo pamoja, mkanganyiko wa GW231123 unaeleweka. Mashimo mazito huzungukana taratibu kiasi kwamba mwendo wao mwingi unazama chini ya mitikisiko ya ardhi, na mitambo hunasa kipande cha mwisho tu. Kipande hicho kilikuwa sehemu ya kumi ya sekunde. Jozi inayoyumba mara tatu kwa sekunde ingekuwa imemaliza chini ya theluthi moja ya duara. Ni kama kuonyeshwa mcheza ngoma akiinua mguu mmoja, taa ikazimwa, kisha ukaulizwa ngoma gani ilikuwa inachezwa. Ongeza kwamba mizunguko ilikuwa karibu na ukomo, mahali ambapo uigaji ni mchache na modeli zinakisia zaidi. Kanuni za Einstein hazikuyumba. Kilichotofautiana ni njia za mkato za kuzitatua kwa haraka.

Na kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu mwinamo wa mishale ni kama cheti cha kuzaliwa. Nyota mbili zilizozaliwa pamoja na kuzeeka pamoja hutarajiwa kuacha mashimo ambayo mishale yao inaelekea karibu upande mmoja. Mashimo yaliyokutana baadaye, katikati ya msongamano wa nyota, huwa na mishale iliyoelekea popote, kama abiria waliokutana stendi. Uzito wa GW231123 unafanya swali liwe kali zaidi, kwani nadharia ya nyota inasema mashimo ya ukubwa ule hayatarajiwi kuzaliwa moja kwa moja kutokana na nyota kuporomoka. Huenda kila moja lilitokana na muungano wa awali. Muungano huacha shimo linalojizungusha sana, na hilo linaafikiana na kilichoonekana.

Shirika la Anga la Ulaya limekwisha idhinisha, Januari 2024, mradi wa LISA: vyombo vitatu angani vilivyotengana kwa kilomita milioni 2.5, vinavyopangwa kurushwa katikati ya miaka ya 2030. Vitasikiliza mashimo yenye uzito wa mamilioni ya jua, ambayo ishara zake hudumu wiki na hata miezi. Huko juu hakuna mtikisiko wa ardhi, na jozi moja itaweza kuyumba mara nyingi kabla ya kuungana. Modeli za leo, zenye makosa ambayo kwenye sehemu ya kumi ya sekunde hayaonekani, zitapimwa kwa duara la kwanza, la pili, la ishirini, na kosa dogo la kila duara litakuwa linajumlishwa.